Ukungu wa Chumba cha Uani

Nyumbani, mlango wa kijani,
Jumapili, mvua zikiwa zimeshika.

Mama mdogo mpendwa,

Kuna mlio mmoja ambao haunitoki masikioni, na naona nisipouweka hapa mwanzo hata salamu zangu zitakuwa za uongo. Ni mlio wa mkasi ukianguka kwenye sakafu ya saruji. Ule mkasi mkubwa wa Mama, mzito, wenye mishikio myeusi, unaujua. Ulilia mara moja, ukaruka kidogo, kisha kukawa kimya. Wewe umelelewa naye, unajua kwamba dada yako haangushi mkasi. Anaweza kuangusha sahani, anaweza kuangusha simu, lakini mkasi haujawahi kumponyoka.

Sasa nikusalimie kama nilivyofundishwa. Shikamoo, Mama mdogo. U hali gani huko uliko? Lile goti limepungua kuuma? Na Baba mdogo, ameacha kubishana na televisheni? Wadogo zangu nawabusu kwa mbali. Yule wa mwisho nasikia siku hizi anakusahihisha Kiswahili chako mwenyewe. Mwambie ana bahati yuko mbali na ulimi wa Mjomba. Sisi huku tupo. Nimetafuta neno lingine zuri kuliko hilo, sikulipata. Tupo.

Mama yuko hospitali. Shtuka kwanza, halafu uendelee kusoma: yuko hai, anapumua, jana alikunywa supu na kumlalamikia muuguzi kwamba mashuka ya wodini yamepindwa ovyo na pindo limeshonwa na mtu mwenye haraka. Alinikataza nisikwambie. Alisema una mambo yako, na habari za nyumbani zinakupandisha presha. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungelia wewe, nikalia mimi, na mwisho tungekata bila yeyote kuelewa kitu.

Pumu yake unaijua, lakini unaijua ile ya zamani, ya kikohozi cha siku chache mvua zikianza, akanywa maji ya moto akarudi kwenye cherehani. Hii ya sasa huijui. Mvua zikikaribia tu, kabla hata tone halijadondoka, kifua kinaanza kupiga filimbi. Analala amekaa, mto mapajani, mikono juu ya mto, kama msafiri anayesubiri gari lisilokuja. Mimi niko upande wa pili wa ukuta. Bila kutaka najikuta navuta pumzi anapovuta yeye, na anapokwama nakwama. Asubuhi naamka mbavu zinauma kama nimebeba mizigo.

Kwa misimu mingi tumekuwa tukimsaka mchawi. Daktari wa kwanza alituambia kwamba pumu ya msimu ina vichochezi vyake, yaani kuna kitu hewani ambacho mwili wa mtu haupatani nacho, na kila mtu na chake. Tukikijua tutamwepusha nacho. Maneno mepesi sana. Hayakunipa hofu kabisa siku ile, nilifurahi hata. Nilidhani kujua ndiyo kazi, na kwamba mtu akishajua, yanayobaki ni kufagia.

Wa kwanza kuhukumiwa alikuwa paka. Mjomba aliitisha kikao sebuleni (bado tunamwita Mkurugenzi, na bado hajajua kwamba ni utani) akasimama katikati kama yuko mbele ya bodi.

"Paka ndiye. Tazameni manyoya yale. Hata mimi napiga chafya nikimwona."

"Wewe unapiga chafya ukiona kazi," Mama akamjibu.

"Dada, mimi nazungumza kitaalamu."

"Utaalamu wa nani? Umesomea paka?"

Hata hivyo paka aliondoka. Alichukuliwa na kinyozi wa pale kwenye kona, na sasa analala kwenye kiti cha wateja, amenenepa, wanamwita Meneja. Mama alikuwa akipita pale anageuza uso. Mvua zikaja, kifua kikapiga filimbi vilevile.

Baada ya paka ukaja mti. Mama mdogo, hili nilijua siku moja nitalazimika kukuandikia. Ule mti wako wa getini, wa maua ya zambarau, uliouotesha kwenye kopo ulipomaliza shule, haupo tena. Mjomba alisema maua yote yale hayawezi kuwa salama kwa mtu mwenye kifua, na kweli msimu wa maua Mama alikuwa akipiga chafya, macho yakimwasha. Ukakatwa. Siku kadhaa maua yalibaki chini yakigeuka rangi, na watu waliopita waliyakanyaga. Baadaye sana, daktari wa mzio alituambia kwamba maua mazuri yenye kuita nyuki mara nyingi hayana neno, kwa sababu chavua yake ni nzito, inasubiri nyuki aibebe. Zinazosumbua watu ni chavua za nyasi, zile nyasi duni ambazo hata hatuzioni kuwa zina maua, kwa sababu hizo hupeperushwa na upepo. Nilimsikiliza nikiwaza kisiki chako pale getini.

Halafu kulikuwa na vumbi. Nyumbani kwetu vumbi ni jibu la kila swali. Daktari akiuliza, mama, unasumbuliwa na nini? Vumbi. Linakuja wakati gani? Likiwepo vumbi. Daktari anaandika vumbi, anatoa dawa, tunarudi. Zulia la sebuleni likatolewa, mazulia madogo yakatolewa, mito ikaanikwa juani hadi ikapauka. Mama akafagia mpaka fagio likaisha meno, na kadiri alivyofagia ndivyo alivyokohoa.

Mwaka jana, mvua zikikaribia, alikwenda peke yake zahanati ya jirani. Alimkuta daktari kijana, mwenye haraka, foleni imefika nje. Alimsikiliza kifua, akamuuliza anaishi wapi, anafanya kazi wapi, chumba kikoje, akamwambia: "Mama, wewe shida yako ni ukungu. Kaa mbali na ukungu."

Alirudi nyumbani amenyooka kama aliyeshinda kesi. "Hatimaye nimepata daktari anayesema," aliniambia. Na kila kitu kilikaa sawa, ndicho kinachoniuma. Mvua huja na ukungu. Asubuhi ukungu hutanda barabarani hata taa za magari zinaonekana kama mayai. Na ni asubuhi ndipo anapokohoa zaidi. Nani angekuwa na shaka? Mjomba alikuja na nyundo na mfuko wa misumari, akapigilia dirisha la chumba cha uani. Matundu ya hewa juu ya dirisha akayaziba kwa mabaki ya mapazia, akasokota kitambaa kirefu akakilaza chini ya mlango.

"Haya, njoo sasa," akauambia ukungu kupitia kioo. "Njoo kama wewe mwanamume."

Mama alicheka hadi akakohoa. Hata mimi nilicheka. Mimi, ambaye pale kiwanda cha uchapaji nakaa kutwa na kalamu nyekundu nikisoma prufu za watu, nikitafuta neno lililokaa mahali pasipo pake. Lile lilipita mbele yangu likiwa limevaa vizuri, sikuligusa.

Chumba kile unakijua kuliko mimi. Ndicho Bibi alichowafundishia kushona, wewe na Mama, na dirisha lake ndilo lenye nuru ya kweli katika nyumba nzima. Lakini siku zako hapakuwa na dobi upande wa pili. Sasa ukuta wa nyuma tunashirikiana naye. Mabomba yake ya maji yamepita humo, na mvuke wa pasi zake unapiga huko kutwa. Upande wetu ndipo Mama alipopanga marobota ya vitambaa, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Vitambaa vizito vya mapazia, vya kuzuia jua, vya hoteli. Hakuna aliyeona ukuta ule kwa muda mrefu. Kulikuwa na harufu, ndiyo. Tulikuwa tukiingia tunaivuta, tunasema, aa, kitambaa kipya. Wateja pia walisema hivyo. Harufu ya kitambaa kipya.

Basi Mama akakaa humo msimu mzima, dirisha limepigiliwa, matundu yamezibwa, mlango umeshikiliwa chini, akijikinga na ukungu. Kila alipozidiwa, aliziba zaidi. Sitakueleza msimu ule ulivyokuwa. Nitakwambia tu kwamba alianza kuongea kwa maneno machache, kama mtu anayelipia kila neno, na kwamba siku moja nilimkuta amesimama ameshika fremu ya mlango, anatabasamu, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuniambia nisiogope.

Ndipo tulipopata rufaa ya hospitali kubwa, kwenye kliniki ya mzio. Walimwachisha kwanza vidonge vya mafua kwa siku kadhaa ili kipimo kisidanganywe. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mcheshi, miwani inaning'inia kwenye kamba. Alimchora Mama mkononi kwa kalamu, akaanza kudondosha matone, kila tone na kichupa chake, na kila tone akalichoma juujuu kwa kisindano. Alikuwa akitaja kama mwalimu anayeita mahudhurio: hili maji tu, hili la kulinganishia, huyu utitiri wa vumbi, hii chavua ya nyasi, paka, mende, ukungu.

"Ngoja, mwanangu," Mama akasema. "Ukungu mmeutiaje kwenye chupa?"

"Unatengenezwa huko viwandani, mama. Sisi tunaletewa tu."

"Wanaukamata asubuhi?"

Muuguzi akasita, kichupa kimeinuliwa. "Asubuhi ya wapi?"

"Si ndipo unapotanda?"

Muuguzi alinitazama mimi kwanza, kuona kama ni mzaha. "Mama, siyo ule wa barabarani. Ni huu unaoota. Mkate ukiuacha kwenye mfuko, ukapata vile vimanyoya vya kijani, ndio huo. Ukutani penye unyevu, kwenye nguo zilizofungwa hazijakauka. Vile vidoa vyeusi. Unajua mama, una vumbi lake, halionekani, unalivuta."

Mama alianza kucheka. Kicheko kilifika katikati kikakatika. Akautazama mkono wake, pale palipoandikwa, na nikaona anarudi nyumbani kwa mawazo, anaingia chumba cha uani, anatazama misumari ya Mjomba, matundu yaliyozibwa, kile kitambaa chini ya mlango. Nilikuwa namfuata nyuma humohumo. Neno moja, Mama mdogo. Kila siku nasema lugha yetu ni tajiri, kwamba neno moja linaweza kubeba mambo mawili. Siku ile niliichukia.

Tulisubiri kidogo kwenye benchi. Pale pa paka ngozi ilibaki laini kabisa. Meneja hakuwa na hatia. Mende, hakuna kitu. Nyasi, uvimbe mdogo, na ndizo zilizokuwa zikimwasha macho wakati tukiushtaki mti wako. Utitiri, uvimbe wa wastani. Ukungu, uvimbe mkubwa wenye miguu, kama buibui chini ya ngozi. Daktari wa mzio, mwanamke mpole asiyeinua sauti, alituambia kwamba uvimbe pekee sio hukumu, lazima ulinganishwe na maisha ya mtu: anazidiwa lini, wapi, akiondoka anapata nafuu? Nikakumbuka kwamba alipokwenda kumwona jamaa yetu mmoja mgonjwa kule kwenye ukame, Mama alilala chali kwa raha yake wiki nzima, na tukasema ni kwa sababu alipumzika. Daktari akaitikia kwa kichwa. Akampa dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, akamweleza kwamba ile nyingine ya kutuliza si ya kutegemea. Kisha akasema dawa zote hizi zitafanya kazi nusu kama ataendelea kukaa humo ndani.

Tulirudi tukang'oa misumari. Tukahamisha marobota, mimi na Mjomba, nyuso tumezifunga vitambaa, Mama tumemweka barazani. Robota la mwisho lilipotoka tukauona ukuta. Sijui nikwambie ulifanana na nini. Ulikuwa mweusi, lakini weusi laini, wenye manyoya, umepanda kutoka sakafuni ukajitandaza hadi kwenye dari, na katikati palikuwa na umbo la marobota yenyewe, kama mtu aliyelala kitandani akainuka. Mjomba aliketi kwenye ngazi akavua kofia.

"Nimemfungia ndani na adui yake," akasema. "Kwa misumari yangu."

"Hukujua, Mjomba."

"Na niliutukana. Nilisimama pale nikautukana ule mwingine."

Tulisugua kwa dawa ya kung'arishia nguo. Tukapaka rangi ile ya bei kubwa inayosemekana inazuia unyevu. Kwa muda ukuta ulikuwa mweupe, nikawa naingia kuutazama kama anayetazama mtoto aliyelala. Kisha kidoa kikatokea kwenye kona, kidogo, kama wino wa kalamu. Tukasugua tena. Kikarudi na wenzake. Nilimwendea dobi nikamwomba arekebishe mabomba yake, naye akaniambia, huku akipuliza pasi, "Dada, ukuta ni wenu, maji ni ya Mungu." Akacheka, wafanyakazi wake wakacheka. Nikarudi nyumbani na shahada yangu.

Fundi wa ujenzi alikuja akagonga ukuta kwa kidole, akaweka sikio kama daktari. Alisema unyevu unapanda kutoka kwenye msingi na unaingia kutoka kwa jirani, hivyo mtu anaweza kupaka rangi hadi azeeke. Chumba hiki, alisema, hakikauki.

Basi tukamhamishia Mama sebuleni, cherehani na vyote. Hakukataa mbele yangu. Alisema, sawa mwanangu. Lakini sebuleni hakuna nuru, na pazia linataka urefu, linataka kulazwa lote chini uone linavyoanguka. Ilikuwa kama kumwambia mtu aogelee kwenye beseni. Nikitoka kwenda kazini, alirudi uani. Niligundua kwa sababu ya nyuzi kwenye kanga yake, rangi ambayo haikuwepo sebuleni. Nikamuuliza.

"Nilikwenda kuchukua kipimio tu."

"Mama, una kipimio shingoni."

"Basi nilikwenda kuchukua kingine."

Nikaweka kufuli. Nikarudi nikakuta kufuli limefunguliwa, na Mjomba amekaa barazani hataki kunitazama. Alimfungulia. Aliniambia hakuweza kumwona dada yake amesimama mbele ya mlango ule kama mgeni. Nilimfokea, Mama mdogo, mjomba wangu mzima.

Nilikaa na Mama nikamweleza kama ninavyomweleza mtoto, nikamweleza kama ninavyomweleza mtu mzima, nikapiga magoti. Aliniambia: "Chumba hiki kimetulea mimi na mdogo wangu. Kimekulea na wewe. Unataka nikiogope?" Nikamwambia ndiyo. Akasema hawezi. Akasema atavuta dawa yake kila siku, atafungua dirisha, ataingia kidogo tu. Kidogo tu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo kweli, na mimi ndiye niliyeonekana mkatili.

Hapa ndipo nilipofika mwisho wangu. Nilidhani kukijua kichochezi ndiko kukishinda. Tulikijua, tukakipa jina, tukakiona kwa macho, kikavimba mkononi mwake, na bado kila siku alinyanyuka kukifuata. Afadhali ingekuwa paka. Afadhali ungekuwa hata ule ukungu wa asubuhi, ambao jua likiinuka unaondoka wenyewe. Nilikuwa kazini nikisoma mistari ya watu bila kuona herufi, nikimwona yeye kwenye ule mlango. Nikaacha kuomba apone. Nikaomba tu nisiwe mbali siku atakapozidiwa.

Siku yenyewe ikawa Jumanne. Mashine ya uchapaji iliharibika tukaruhusiwa mapema, nikarudi mchana, mvua nyepesi. Nilikuwa nimefika uani, mkono uko kwenye kamba ya nguo, ndipo nikausikia ule mkasi. Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye robota jipya la mteja, midomo imebadilika rangi, na dawa ya kutuliza iko mkononi imekwisha. Alinitazama kwa aibu. Hilo ndilo siwezi kulisahau, aibu ile, kana kwamba nimemfumania. Dobi ndiye aliyetutoa na gari lake la kubebea nguo. Nakwambia ili umtendee haki naye pia: aliacha pasi zake zinawaka akaendesha kama kichaa, na alikuwa akilia.

Walimwekea mashine ya mvuke, wakamchoma sindano, wakamwekea tena. Hadi jioni hawakusema chochote cha kueleweka. Daktari wa zamu alipotoka, aliniuliza amefanya nini mchana ule, nikamwambia, akaniambia asirudi chumba kile hata kuokota uzi. Safari nyingine, alisema, huenda msifike hapa. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka.

Ndiyo hali ilivyo. Ametoka kwenye hatari, wanasema, na filimbi kifuani imepungua. Anauliza habari zako bila kujua kwamba nakuandikia.

Nifikishie salamu kwa Baba mdogo, na kwa wadogo zangu wote, wa kwanza hadi huyo msahihishaji. Yule rafiki yako muuguzi, unayesema mnakaa jengo moja, msalimie, na umuulize kama huko kwenu watu wazima hutii madaktari, nijue kama tatizo ni la Mama peke yake. Mjomba anakusalimu, hajasema hivyo kwa mdomo, haongei na mimi tangu Ijumaa, lakini najua anakusalimu. Kinyozi pia, na Meneja. Mungu akuweke mahali pakavu, Mama mdogo, penye hewa, na akulinde wewe na wote wanaopumua chini ya paa lako.

Nimebakiza jambo moja. Nimeliweka huku chini kwa sababu ungelisoma juu usingesoma tena lililofuata. Nyumba hii ni yenu watatu, wewe, Mama na Mjomba. Mimi ni mtoto tu ninayekaa humo. Ijumaa asubuhi, Mama akiwa wodini, nilimleta fundi wa paa na vijana wake. Nilisimama uani nikawaonyesha wapi pa kuanzia. Wameezua chumba cha uani, mabati yote, na dari wameibomoa, na mlango na dirisha wamevitoa na fremu zake. Vitambaa vyenye madoa nimevitupa. Vya wateja nimewarudishia wenyewe na kuwaomba radhi. Mjomba alifika wakiwa wamefika katikati, akaniambia nishuke kwenye kiburi changu, akaniambia ni kaburi la mama yake nafukua. Mabati nilimwambia fundi aondoke nayo akayauze apendapo, ili nisije nikabadili nia, na ameshaondoka nayo.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungesema tumsubiri dada apone kwanza, tukae tuzungumze, na kila tulipokaa tukazungumza alirudi humo. Ukitaka kunilaumu, nilaumu mimi peke yangu, mwachie Mjomba. Mama anaruhusiwa kesho. Hajui bado. Nimemtengenezea mahali sebuleni karibu na mlango, nuru si haba asubuhi, na nitamweleza mwenyewe tukiwa njiani, kabla hajafika kuona. Leo imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika, na chumba chenu kimejaa maji.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Mtoto wa dada yako.